Kazi Inakabidhiwa, Dhamana Haikabidhiwi: Halmashauri na Vihatarishi vya Miradi ya Ubia

(Hii ni hotuba nzima niliyoitoa mbele ya madiwani na watendaji wa halmashauri. Nimeiandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha na michoro iliyooneshwa ukutani nimeiacha.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, waweka hazina, wanasheria na wahandisi wa halmashauri, ndugu zangu nyote,

Nawashukuru kwa kunialika. Nawashukuru zaidi kwa kuichagua mapema mada hii ya miradi ya ubia, yaani ile ambayo halmashauri huingia pamoja na kampuni binafsi, kabla mikataba haijafika mezani. Watu wa kazi yangu huitwa zaidi mambo yakishaharibika, na wakati huo ushauri ni ghali na machaguo ni machache.

Nianze na swali. Taa za stendi zikizimika usiku, abiria wakaanza kuibiwa mizigo, mwananchi anampigia nani simu? Anampigia diwani wake. Hampigii meneja wa kampuni iliyopewa stendi hiyo kuiendesha kwa miaka 25. Hamjui, hana namba yake, na wala hakumpigia kura. Diwani akimjibu kwamba stendi sasa iko chini ya mbia, mwananchi atakata simu kwa hasira, na mimi nasema ana haki ya kukasirika.

Hilo ndilo neno langu kubwa leo, na nitalirudia: kazi inakabidhiwa, dhamana haikabidhiwi. Unaweza kumkabidhi mbia ujenzi. Unaweza kumkabidhi uendeshaji na ukusanyaji wa tozo. Dhamana ya kwamba mtoto atasoma salama, maji yatatoka na stendi itakuwa na taa, hiyo inabaki kwenu. Mkisahau hilo mtasaini mkataba mnaodhani umewatua mzigo, kumbe umewaficha tu mzigo wenyewe ulipo.

Sikuja kuwatisha muukimbie ubia. Nimeona miradi ya ubia iliyowapa watu huduma ambayo halmashauri peke yake isingeifikia kwa miaka mingi. Ila naomba tukubaliane kwanza juu ya sababu ya kuingia humo. Ukimuuliza mkurugenzi, mara nyingi atasema: hatuna fedha. Ndugu zangu, hiyo haitoshi. Kampuni binafsi kwa kawaida hukopa kwa riba kubwa kuliko serikali. Kama sababu pekee ni ukosefu wa fedha, basi mmekopa kwa njia ndefu na ya gharama zaidi, na watakaolipa ni wananchi wale wale, ama kwa tozo ama kwa kodi. Sababu inayosimama ni hii: kuna vihatarishi fulani, yaani mambo yanayoweza kwenda mrama katika mradi, ambavyo mbia anavimudu kuliko sisi, na tuko tayari kumlipa avibebe. Kama hakuna kihatarishi anachokibeba kweli, mnamlipia nini?

Tena mkumbuke urefu wa mikataba hii. Miaka 20, miaka 30. Mabaraza matano, sita, yatapita juu ya karatasi moja. Mtoto aliye darasa la kwanza leo anaweza kuingia kwenye ukumbi kama huu akiwa diwani, akakuta bado analipia kura yenu.

Sasa niingie kwenye jambo la kwanza: kila kihatarishi kiwe na mwenyewe.

Chukueni mradi wa soko. Ardhi ina wakazi, ina kesi mahakamani, na chini yake kuna bomba kuu la maji ambalo haliko kwenye ramani yoyote. Nani anaimudu ardhi? Ni halmashauri, maana ndiyo yenye kumbukumbu na mamlaka ya kulipa fidia. Mkimsukumia mbia, atafanya moja kati ya mawili. Ataipandisha bei yake kwa sababu ya hofu, au atashinda zabuni kwa bei ndogo, kisha aegeshe mitambo na kuanza kudai fidia ya ucheleweshaji. Ujenzi nao? Fundi mzembe, nondo pungufu, kazi iliyorudiwa mara mbili: huo ni mzigo wa mbia, maana yeye ndiye aliyewaajiri na yeye ndiye anayeweza kuwabana. Sheria zikibadilika, au likitokea janga ambalo hakuna aliyelitegemea, hapo mnagawana, na bima inakuwepo.

Gumu kuliko yote ni wateja. Wafanyabiashara watahamia sokoni au watabaki walipo? Wengi husema, huo ni mzigo wa mbia, tumemaliza. Lakini subirini. Nani anaruhusu biashara kandokando ya barabara? Nani anapanga njia za mabasi? Ni ninyi. Kwa hiyo sehemu ya kihatarishi hicho iko mikononi mwenu, na mbia mwenye akili atawauliza hilo siku ya kwanza ya majadiliano. Asipouliza, kuweni na wasiwasi naye.

Kwa kila kihatarishi ulizeni maswali mawili. Nani anaweza kukizuia kisitokee? Na kikitokea, nani ana mfuko wa kukibeba? Swali la pili husahaulika, na nitawasimulia lilivyosahaulika mahali ambapo hapakukosekana wanasheria wala wahasibu.

Mwaka 2003, kampuni iliyoitwa Metronet ilikabidhiwa matengenezo na ukarabati wa sehemu kubwa ya reli ya chini ya ardhi ya London kwa miaka 30. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi: kampuni ikiendesha kazi ovyo na gharama zikapanda, hasara ni yake. Wanahisa wake walikuwa kampuni kubwa tano, na hizo hizo ndizo zilizopewa kazi nyingi za ukandarasi. Yaani mtu yule yule anakaa upande wa mlipaji na upande wa mlipwaji. Gharama zikapanda. Julai 2007 Metronet ikashindwa kujiendesha na ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Sasa niambieni, treni za London zingesimama? Haziwezi kusimama. Na mamlaka ya usafiri ya jiji ilikuwa imeidhamini asilimia 95 ya mikopo ya kampuni hiyo, yaani kampuni ikishindwa kulipa, mamlaka ndiyo ilipe. Serikali ikatoa pauni bilioni 1.7 ili wakopeshaji walipwe. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilikadiria kwamba hasara ya moja kwa moja kwa walipakodi ilikuwa kati ya pauni milioni 170 na milioni 410.

Benki iliyodhaminiwa asilimia 95 itakesha kukagua kama kampuni inafanya kazi vizuri? Kwa nini ikeshe? Mkopeshaji mwenye fedha zake hatarini ni mlinzi mzuri kuliko kamati tatu, kwa sababu anasoma taarifa za kila mwezi na anauliza maswali yanayouma. Mkimpa dhamana ya mkopo nono kupita kiasi mmemfukuza mlinzi huyo wenyewe. Kwa hiyo mbia akija na ombi la dhamana ya mkopo, msimkatalie kwa pupa na msimkubalie kwa pupa. Muulizeni: wanahisa wako wanaweka fedha kiasi gani, na watazipoteza lini?

Kuna mahali palipokuwa tofauti. Sydney, Australia, ilifunguliwa barabara ya kulipia inayopita chini ya katikati ya jiji, Agosti 2005. Makadirio yalisema magari kama 90,000 kwa siku. Yakaja kama 30,000. Desemba 2006 kampuni ikaangukia mikononi mwa wafilisi, na serikali haikuinunua hasara ile. Wenye hisa na mabenki waliumia, barabara ikaendelea kupitisha magari, na mwaka uliofuata ikauzwa kwa mmiliki mwingine. Kihatarishi kilikuwa na mwenyewe na mwenyewe alikibeba. Lakini hata pale palikuwa na dosari, na inatuleta kwenye jambo la pili: barabara za juu zilikuwa zimebanwa makusudi ili magari yashuke chini, wananchi wakachachamaa, na wanasiasa ndio waliotukanwa.

Jambo la pili, basi, ni ahadi ambazo hazionekani kwenye bajeti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo halmashauri nyingi hupigwa.

Desemba 2008, baraza la jiji la Chicago, Marekani, lililetewa pendekezo. Jiji lilikuwa na pengo kwenye bajeti na uchumi ulikuwa umeporomoka. Pendekezo lilikuwa kukodisha mashine za kulipia maegesho ya magari mitaani, kama 36,000 hivi, kwa kundi la wawekezaji, kwa miaka 75. Malipo yangetolewa kwa mkupuo mmoja: dola bilioni 1.15. Madiwani walipewa siku chache tu kuusoma mkataba. Siku chache kwa mkataba wa miaka 75. Wakapiga kura: 40 ndiyo, 5 hapana.

Kilichofuata ni nini? Miezi michache baadaye, maeneo mengi ambayo mtu alikuwa akilipa senti 25 kwa saa alijikuta analipa dola 1, na bei zikazidi kupanda kwa ratiba iliyokuwa tayari ndani ya mkataba. Watu wakawapigia kelele madiwani. Mnaona? Hawakuwapigia wawekezaji. Juni 2009, mkaguzi mkuu wa jiji akatoa ripoti iliyosema kwamba jiji limepokea takribani dola milioni 974 pungufu ya thamani ambayo mashine zile zingeliletea kama lingebaki nazo kwa kipindi chote. Sehemu kubwa ya fedha zilizopokelewa ilikwisha ndani ya miaka michache kwa kuziba mapengo ya bajeti. Na kabla ya mwaka wa 15 wa mkataba, hesabu zilizokaguliwa zilionesha kwamba wawekezaji wamesharudisha fedha zote walizotoa, huku imebaki zaidi ya miaka 60.

Lakini bei siyo iliyonikera zaidi nilipousoma mkasa huu. Kuna kifungu kinachosema kwamba jiji likifunga mtaa, kwa matengenezo au kwa sherehe, kupita kiwango kilichoruhusiwa, linamlipa mwekezaji fidia kwa mapato aliyoyakosa. Tafakarini hapo. Jiji likitaka kuondoa maegesho ili lipanue njia ya waenda kwa miguu, lihesabu kwanza fidia. Likitaka njia ya baiskeli, lihesabu fidia. Mamlaka ya kuupanga mtaa, ambayo ni moyo wa serikali ya mtaa, yamewekewa bei, na bei hiyo itadumu hadi watu ambao hawajazaliwa watakapokuwa wazee.

Mnadhani hilo ni la Chicago peke yake? California, Desemba 1995, kampuni binafsi ilifungua njia za kulipia katikati ya barabara kuu iitwayo SR-91, kwa mkataba wa miaka 35. Ndani ya mkataba jimbo lilikuwa limeahidi kutopanua barabara hiyo wala kujenga nyingine ya kushindana nayo ndani ya maili 1.5 kila upande. Watu wakaongezeka, foleni zikawa ndefu, na walipotaka kuongeza njia za bure kampuni ikaenda mahakamani. Nayo ilikuwa na haki kisheria, maana iliahidiwa. Mwishowe mamlaka ya usafiri ya Kaunti ya Orange ililazimika kuzinunua njia zile, Januari 2003, kwa dola milioni 207.5, ili tu ipate tena uhuru wa kupanua barabara.

Waheshimiwa madiwani, mkikuta kifungu kinachosema "halmashauri haitaruhusu mradi mwingine wa aina hii ndani ya eneo lifuatalo", simameni hapo. Ulizeni eneo hilo lina wakazi wangapi na litakuwa na wangapi baada ya miaka 20. Ulizeni fidia itahesabiwaje tukilazimika kuvunja ahadi. Mbia ana haki ya kulindwa asijengewe soko la pili mlangoni mwake mwaka unaofuata. Hana haki ya kufungiwa mji mzima.

Ndugu yangu mweka hazina, hili ni lako. Kuna ahadi nyingine tamu: kiwango cha chini cha mapato. Tuseme mmemwahidi mbia kwamba kila mwaka atapata angalau 100, na yakipungua mtajazia. Mwaka wa kwanza yanaingia 110, hamlipi kitu, kila mtu anapongezwa. Mwaka wa pili 95, mnajazia 5, hakuna anayeshituka. Mwaka wa tatu uchumi unayumba, wapangaji wanaondoka, yanaingia 60. Mnadaiwa 40, na ni mwaka ule ule ambao ushuru na kodi za halmashauri nazo zimeshuka, kwa sababu ni uchumi ule ule. Ahadi za aina hii hulipwa siku mliyo maskini kuliko siku zote. Je, iliandikwa popote kwenye vitabu vyenu? Kwenye bajeti hapakuwa na kasma yake, maana siku ya kusaini ilikuwa sifuri. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anzisheni daftari la dhamana na ahadi zote za miradi ya ubia, kila moja ikiwa na makadirio ya mwaka mbaya, lisomwe mbele ya kamati ya fedha kila robo mwaka, na liwekewe ukomo. Ukomo ukifikiwa, hakuna dhamana mpya, hata mradi uwe mzuri namna gani.

Suala la fedha za kigeni nitalipita haraka, lakini sitaliruka. Mbia akikopa kwa dola na wateja wenu wakilipa kwa sarafu ya nyumbani, siku sarafu ikishuka kuna mtu atalipa tofauti. Buenos Aires ulikuwepo mkataba wa maji wa miaka 30 ulioanza mwaka 1993, na tozo zilifungamanishwa na dola. Mwanzoni mwa mwaka 2002 Argentina ikaachana na utaratibu wa peso moja kwa dola moja, bili zikagandishwa kwa sarafu iliyoporomoka, na mwaka 2006 serikali ikauvunja mkataba. Ulizeni mapema mkopo ni wa sarafu gani.

Jambo la tatu ni macho. Mkataba ukishasainiwa, nani anaangalia?

Usiku wa kuamkia Januari 29, 2016, dhoruba ilivuma Edinburgh, Uskoti. Alfajiri, ukuta wa shule ya msingi ya Oxgangs ukaanguka. Tani kama tisa za matofali. Wanafunzi walikuwa hawajafika. Lingekuwa saa chache baadaye, leo nisingekuwa naitaja shule hiyo kwa sauti hii. Shule ile ilijengwa chini ya mkataba wa ubia wa halmashauri ya jiji uliosainiwa mwaka 2001, na shule nyingine kadhaa ndani ya mkataba huo huo. Ukaguzi ulipofanyika, kufikia Aprili mwaka huo shule 17 zilifungwa, na watoto zaidi ya 7,000 wakatafutiwa madarasa kwingine.

Ukuta ulikuwa na kasoro gani? Ukuta wa namna ile ni kuta mbili zinazosimama sambamba, wa ndani na wa nje, na katikati kuna nafasi. Zinaunganishwa na vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja kikizama ndani ya udongo wa saruji pande zote mbili. Fundi akiacha nafasi ikawa pana kupita kipimo, kile chuma kinagusa tu ukuta wa nje badala ya kuzama. Kwa nje huoni kitu. Matofali yamepangwa vizuri, mistari imenyooka, rangi inapendeza. Ukuta unasimama miaka 10 na zaidi, hadi upepo wa kutosha uje.

Ripoti ya uchunguzi huru, iliyoongozwa na John Cole na kutolewa Februari 2017, haikusema kwamba ubia wenyewe ndio uliobomoa ukuta. Ilisema kazi ilijengwa vibaya na usimamizi ulikuwa dhaifu. Ikaonesha pia pengo ambalo nataka mlishike: hapakuwa na mkaguzi huru wa kutosha pale kwenye eneo la ujenzi, mtu anayesimama na kuangalia kipande cha chuma kabla tofali halijakifunika. Dhana ilikuwa kwamba ubora ni kihatarishi cha mbia, kwa hiyo mbia atajikagua. Mkandarasi akajikagua mwenyewe.

Kwa haki, mkataba ulifanya sehemu ya kazi yake. Mbia alibeba gharama za ukarabati, na halmashauri ilizuia malipo kwa shule zilizofungwa. Upande wa fedha, kihatarishi kilikaa kilipoandikwa. Lakini je, mkataba ungeweza kuhamisha maisha ya mtoto? Mzazi ambaye mwanawe angekuwa chini ya matofali yale, mngemwonesha kifungu gani?

Kazi inakabidhiwa, dhamana haikabidhiwi.

Kwa hiyo wahandisi, naomba mlisikie hili kutoka kwangu bila kupakwa mafuta. Mradi wa ubia hauwapunguzii kazi ya ukaguzi. Unaibadilisha. Kwenye mkataba wa kawaida mnakagua kila hatua kwa sababu mnalipa kwa kila hatua. Kwenye ubia mnalipa baadaye, kwa huduma, na hapo ndipo uvivu huingia: tutaona jengo likikamilika. Kuna vitu jengo likikamilika havionekani tena. Msingi. Nondo. Mabomba yaliyofukiwa. Vizuizi vya moto ndani ya dari. Tengenezeni orodha ya kazi zitakazofunikwa, na mkataba useme wazi kwamba hakuna kufunika kabla mkaguzi asiyelipwa na mkandarasi hajaona, hajapiga picha na hajasaini. Gharama ya mkaguzi huyo ni ndogo mno mbele ya thamani ya mradi, na bado ndiyo ya kwanza kukatwa watu wanapotafuta kupunguza bajeti. Sielewi kwa nini, na sitakubali kuelewa.

Na ujenzi ukiisha? Patikane mtu mmoja, mwenye jina, ambaye kazi yake ni mkataba huo. Siyo kamati inayokutana ikikumbuka. Mtu anayejua kwamba mwezi huu maji yalikatika mara ngapi, kwamba kifungu cha makato kinaruhusu kukata kiasi gani kwenye malipo ya mbia huduma ikipungua, na anayekata kweli. Mbia akijua kwamba halmashauri haijawahi kukata hata mara moja, viwango vya huduma vilivyoandikwa kwenye mkataba vinakuwa mapambo. Mtu huyo akihamishwa, akabidhi faili kwa maandishi. Nimeona halmashauri ambayo nakala pekee kamili ya mkataba wake, pamoja na viambatisho, ilikuwa kwa mbia. Watendaji walipotaka kujua haki zao walikwenda kumwomba mbia awatolee fotokopi.

Jambo la mwisho ni namna ya kutoka. Hakuna anayependa kulizungumza siku ya kusaini, watu wanapotabasamu mbele ya kamera. Lizungumzeni siku hiyo hiyo.

Agosti 2003, kampuni ya City Water ilianza kuendesha huduma ya maji Dar es Salaam kwa mkataba wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo. Kwenye zabuni, katika hatua ya mwisho, aliyewasilisha bei alikuwa mmoja tu. Hilo peke yake lingetosha kupiga kengele, kama lilivyokuwa Cochabamba, Bolivia, mwaka 1999, ambako pia mzabuni alikuwa mmoja na mkataba wa maji haukumaliza mwaka mmoja kabla ya wananchi kujaa barabarani. Mzabuni akibaki mmoja hamjui kama bei yake ni nzuri au ni ndoto, kwa sababu hamna cha kuilinganisha nacho. City Water ilishindwa kufikia mapato iliyoyakadiria, na Mei 2005 serikali ikatangaza kuuvunja mkataba.

Kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na hukumu ya Julai 2008 ina mafunzo pande zote. Baraza la wasuluhishi liliona kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kimataifa wa ulinzi wa uwekezaji kwa namna ilivyoiondoa kampuni, pamoja na matamko ya hadharani, kuchukua mitambo na kuwafukuza nchini viongozi wake, wakati utaratibu wa kuachana uliomo kwenye mkataba wa maji wenyewe ulikuwa bado unaendelea. Lakini Tanzania haikuamriwa kulipa fidia hata senti. Kwa nini? Kwa sababu wakati huo kampuni ilikuwa haina tena thamani ya kupotezwa. Ilikuwa imeanguka kwa sababu zake yenyewe. Na kwenye shauri jingine, DAWASA ndiyo iliyoshinda.

Mnaona jinsi upande wenye hoja nzito ulivyojiweka pembeni ya shimo kwa haraka ya wiki chache? Nchi iliokolewa na kumbukumbu za utendaji mbovu wa mbia. Kama barua za onyo, taarifa za makusanyo na ripoti za kila mwezi zisingekuwepo, hadithi ingekuwa nyingine. Kwa hiyo mbia akianza kushindwa, andikeni. Mpeni notisi kwa tarehe na kwa namba ya kifungu. Mpeni muda wa kujirekebisha kama mkataba unavyosema. Wapeni wakopeshaji wake nafasi ya kumleta mwendeshaji mwingine, maana mikataba mingi inawapa haki hiyo na mara nyingi ni nafuu kwenu kuliko vita. Na majukwaani, nawaomba sana waheshimiwa, jizuieni. Neno la dakika moja kwenye mkutano wa hadhara linaweza kusomwa kwa sauti mbele ya wasuluhishi.

Fidia ya kuvunja nayo iwe na kanuni tofauti kwa makosa tofauti. Mkivunja ninyi bila kosa la mbia, atadai deni, mtaji na faida aliyoitarajia. Akivunja yeye kwa kosa lake, asipate kama hicho. Nimekuta mikataba ambayo mbia aliyeshindwa analipwa karibu sawa na aliyefukuzwa bila kosa. Nani atahangaika kufanya vizuri kwenye mkataba wa hivyo?

Na hata mkataba ukiisha kwa amani, mnarudishiwa nini? Miaka ya mwisho mbia hana sababu ya kubadilisha pampu chakavu, kwa kuwa pampu mpya itamfaa mwingine. Mkataba useme kwamba miaka mitano kabla ya mwisho mtakagua mali pamoja, mtaandika kila kilichochakaa, na sehemu ya mapato yake itawekwa kwenye akaunti maalumu hadi atengeneze. Asipotengeneza, fedha hizo zinatengeneza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali. Ningeomba tuanze na wale ambao mikataba yao imebakiza miaka michache, na kama mmekuja nayo tuifungue hapa hapa kwenye kiambatisho cha makabidhiano, kwa sababu hao ndio wenye muda mfupi kuliko sisi wote.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.